Ujira wa Kukaa Kimya

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo tena, kwa zile siku zote ambazo sikukuamkia. Najua umeshasema moyoni kwamba huyu mtoto ameolewa akanisahau. Sikukusahau, Mama. Ukifika chini utajua kilichonizuia, ila nakuomba usirukie mwisho kama ulivyozoea. Vaa miwani, kaa vizuri, usome polepole.

Goti linaendeleaje? Bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na yule jirani yako wa mlango wa pili, ameacha kuazima pasi yako na kuirudisha na harufu ya kitu kilichoungua? Mwambie nimemsalimu, na pasi pia.

Sisi huku hatujambo, kwa maana kwamba tunapumua. Baba watoto yuko barabarani na lori lake. Anakuja kama mgeni na anaondoka kabla shuka halijapoa. Mume wako mdogo ameota meno mawili ya chini na anauma kila kinachopita mbele yake, mimi nikiwa wa kwanza. Utasema amerithi, maana na mimi nilitafuna kifungo cha juu cha sweta lako la kijani mpaka kikabaki na alama za meno, na wewe ukakataa kukibadilisha. Bado unalivaa siku za baridi? Nina sababu ya kuuliza.

Habari niliyo nayo hasa ni ya mke mwenzio, Chiriku wetu. Unamjua alivyo. Tulimpa jina hilo kwa sababu tangu alipoanza kusema hakunyamaza, na akichoka kusema anaimba. Mdogo wake alipozaliwa ndipo akapata kazi. Nikirudi kutoka kiwandani nilikuwa nawasikia tangu kwenye ngazi, yeye anamwimbia wimbo wake wa kutunga, usio na kichwa wala miguu, na mtoto anacheka mpaka anapata kwikwi. Hakuna aliyemtuma.

Niliharibu mimi, Mama, kwa nia njema.

Mimi kiwandani nakaa kwenye mashine ya kupiga vifungo vya mashati. Pembeni yangu anakaa mwenzangu tunayemwita Kicheko, kwa sababu akicheka yeye wanacheka hata wale ambao hawajasikia kichekesho. Zamani sindano ya mtu ikikatika, jirani yake alikuwa anasimamisha mashine na kumsaidia. Halafu msimamizi wetu akaleta utepe mwekundu. Akatuambia kwamba atakayepiga mashati mengi kuliko wenzake atafungiwa utepe kwenye mashine yake kesho yake, watu wote wauone. Tulimcheka. Kicheko ndiye aliyecheka kuliko wote, akauliza kama sisi ni mbuzi wa maonyesho. Lakini utepe ulipofungwa kwake, hakucheka tena kwa namna ile. Aliinamisha kichwa akashona. Sindano yangu ikakatika, nikamwita, akajifanya hasikii. Siku utepe ulipohamia kwa mwingine alilia kama aliyefiwa. Nilimuuliza kicheko chake kimekwenda wapi, akanijibu bila kuniangalia kwamba kucheka kunapunguza mishono. Nikaona blauzi yake imefungwa kwa pini kuanzia shingoni hadi kiunoni. Nikamtania kwamba fundi hajishonei. Akaendelea kushona.

Haya niliyaona kwa macho yangu, na bado nikayabeba nikayapeleka nyumbani. Vifungo vyenye ufa huwa tunaruhusiwa kuvichukua. Nikaja navyo mfukoni, nikaosha chupa ya jamu, nikamwambia Chiriku kwamba akiosha vikombe anapata kimoja, akikunja nguo anapata kimoja. Alifurahi sana. Na kwa vile alikuwa anamwimbia mdogo wake vizuri, nikampa na cha kuimba. Hapo ndipo nilipokosea, Mama. Nilimlipa kwa kitu alichokuwa anakitoa bure.

Haukupita muda akaja kuniuliza wimbo mrefu una vifungo vingapi. Nikamwambia wimbo wa mdogo wako hauna bei. Akafikiri kidogo, akasema basi haimbi. Na kweli hakuimba. Mtoto alimnyooshea mikono, yeye akawa anamtazama kama mtu anayesubiri duka lifunguliwe. Na mimi, badala ya kushtuka, siku hiyo nilikuwa nimechoka mpaka kope zinauma, nikamwambia akae kimya nilale kidogo, nitampa viwili. Alikaa kimya. Nililala usingizi mtamu kuliko wote wa mwaka ule. Kesho yake nikamwambia vilevile.

Baadaye nikaona hapana, mtoto anageuka jiwe. Nikamweka mapajani, nikamwambia kwa upole, lakini kwa sauti ile yako ambayo haina rufaa, kwamba mchezo wa vifungo umekwisha. Alikubali upesi mno. Nilitegemea machozi. Alisema tu, sawa Mama.

Chupa ikaendelea kujaa.

Mwanzoni nilidhani ananiibia mfukoni. Lakini mimi naleta vifungo vyeupe vya plastiki, vya mashati. Mle ndani vilikuwamo vya mbao, vya mfupa, vya shaba, na kila kimoja kilikuwa kinaning'inia uzi, kama kilichonyofolewa kwenye nguo ya mtu aliyeivaa. Nikamuuliza amevitoa wapi. Akasema amelipwa. Nikamuuliza kwa kazi gani, akaniambia bila wasiwasi wowote: hiki kwa kutocheka baba alipopiga simu, hiki kwa kutouliza kitu tangu asubuhi, na hiki kirembo kwa kutokuita Mama wakati ulipochelewa. Nikamkazia macho nikidhani ananitania. Chiriku hajui kutania bila kucheka, na hakucheka.

Mama, wewe ulinifundisha kwamba nyumba yenye watoto ikinyamaza, mtu akimbie kwanza, aulize baadaye. Jumapili moja mchana nilikuwa uani nafua, jua kali, majirani wako nje, redio zinalia. Nikasikia kimya kikitoka chumbani kwangu. Sijui niseme vipi ili unielewe. Kilitoka kama harufu inavyotoka. Nikaacha nguo kwenye beseni, nikakimbia na mikono yenye povu.

Mtoto alikuwa amelala chali kwenye godoro, macho wazi, hapepesi, anatazama nyuma ya dada yake. Chiriku alikuwa amesimama juu yake amekumbatia mto wangu kwa mikono miwili. Hakuwa amemgusa. Alikuwa amegeuza shingo kidogo, kama mtu anayesubiri kuambiwa neno.

Nikamwita kwa jina lake. Akanieleza kwa utulivu kwamba mdogo wake akinyamaza kabisa, atapewa kile kikubwa cha shaba. Nikamuuliza nani atakayempa. Akasema yule anayelipa, kama vile nimemuuliza mkate unauzwa na nani. Nikamuuliza yuko wapi. Mama, hakuonyesha mlango wala pembe ya giza. Alionyesha kiti changu, kile ninachokaa nikitoka kazini. Akaniambia kwamba mimi niliacha kulipa, na yule akaendelea.

Sikumpiga. Niliuchukua mto mkononi mwake, nikawakumbatia wote wawili pale chini, povu likawaingia mpaka masikioni. Mtoto akaanza kulia. Alilia kwa nguvu mpaka mama wa chumba cha mbele akaja kuuliza kama amemwagikiwa na maji ya moto. Nikamwambia hapana, analia tu. Akaniambia mbona wewe unacheka. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja. Sijawahi kusikia kelele tamu kama ile.

Nilipotulia nikaimimina chupa sakafuni ili nikavitupe vifungo chooni. Nikashika kile cha mbao nikakitambua. Ni cha gauni nililovaa siku ya kumzaa Chiriku. Nikafungua sanduku la nguo. Kila nguo imekosa kimoja. Koti la mtoto, shati la sare la baba yao, hata sketi yangu ya shule ambayo naitunza bila sababu. Anayelipa hana mali yake. Anatunyofoa sisi, kisha anatugawia, na sisi tunapokea kwa mikono miwili tukidhani tumetuzwa. Nikamkumbuka Kicheko na pini zake, na utani wangu ukanirudi kooni.

Vyote nilivitupa kwenye shimo la choo, chupa nikaivunja. Tangu siku hiyo nawabeba wote wawili, nawaacha kwa mama wa chumba cha mbele nikienda kazini, na nimemkataza asimwahidi Chiriku kitu chochote, hata peremende. Alinishangaa. Akasema mtoto asiyepewa moyo hajitumi. Nikamjibu ampe moyo tu, asimnunulie. Kiti nimekitoa nje, mvua inakipiga.

Chiriku hakurudi kuwa Chiriku kwa siku moja. Nilijaribu kila njia, nikaona nimeishiwa. Juzi jioni mtoto alikuwa analialia, nikaanza kumwimbia ule wimbo wao mwenyewe, kwa hii sauti yangu ambayo wewe uliwahi kusema inafaa kufukuzia ndege shambani. Nikakosea maneno. Kutoka nyuma ya mlango nikasikia sauti ndogo ikisema, Mama, unauharibu. Sikugeuka. Nikakosea tena makusudi. Akaja, akanisahihisha neno moja, halafu upesi akatazama nyuma yangu, kama mwizi anayeangalia kama ameonekana. Akasubiri. Hakuna kilichotokea. Akaimba mstari unaofuata. Sikumsifu, Mama. Nilijiuma midomo nisimsifu. Nilisogea tu, nikampa nafasi ya kukaa.

Hadi hapa unaweza kudhani mama yake ameshinda. Sasa nakufikisha kwenye lile nililokuomba usilirukie.

Siku ileile ya mto nilichukua kalamu nikuandikie. Nikaona aibu, nikaiweka chini. Asubuhi nikivaa viatu vya kazini, kidole kikagusa kitu. Kifungo. Nilipaswa kukitupa. Nilikitia mfukoni, na siku nzima pale kwenye mashine nilikuwa nakigusa kwa kidole gumba, na moyo wangu ukawa mwepesi kama wa mtu aliyesifiwa mbele za watu. Mara ya mwisho mimi kuambiwa umefanya vizuri ilikuwa lini, Mama? Naamka wa kwanza, nalala wa mwisho, na hakuna anayeona. Huyu aliona. Jioni nikasema nitakuandikia kesho. Kesho yake nikakuta kingine.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kila siku ambayo sikukuandikia, nililipwa. Siku moja nilimdokezea Kicheko, robo tu ya habari hii, na asubuhi yake kiatu kilikuwa kitupu. Nilikiinamisha, nikakikung'uta. Mimi, niliyemwambia mtoto kwamba mchezo umekwisha, nilikuwa nimepiga magoti sakafuni nakung'uta kiatu.

Kile kimya changu ulichokinung'unikia moyoni, Mama, nilikuwa nakifanyia kazi. Na niliipenda.

Leo asubuhi nimekuta kifungo cha kijani. Nilikifurahia kwanza, sitakuficha, kwa sababu ni kikubwa kuliko vyote. Kisha nikakigeuza. Kina alama za meno ya mtoto pembeni. Nilipitisha ulimi juu yake nikajua kabla sijajua.

Ndiyo sababu nakuandikia sasa hivi, nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya meza ya jikoni, mtoto mgongoni. Tazama sweta lako. Kama kifungo cha juu kipo, nicheke mpaka uchoke, useme mwanangu amechanganyikiwa kwa kukosa usingizi, na mimi nitafurahi. Kama hakipo, basi nijibu hili moja bila kunionea haya. Na wewe hukuniandikia muda mrefu, Mama. Nilidhani umenikasirikia. Je, ulikuwa umekasirika, au na wewe asubuhi unakuta kitu?

Jumamosi nawaleta wote wawili kwako. Chiriku akikuimbia usimpe kitu, wala usimpigie makofi. Mpokee tu, umkalishe karibu, umkosee maneno ya wimbo. Hivi sasa amepanda kwenye stuli nyuma yangu, anamwimbia mdogo wake sikioni, na ananiuliza mbona naandika mbiombio kama ninayefukuzwa.

Nisalimie wote wanaoniulizia hapo nyumbani, na wasioniulizia pia uwasalimie, wasije wakasema tunabagua. Lipake goti lako dawa. Nakupenda, na hilo nalisema bure.

Ni mimi mwanao wa mwisho,
Mama Chiriku

Bahasha hii naifunga mwenyewe, na ndani nimetia karatasi tu. Ukikuta kitu kingine humo, sikukitia mimi. Usikishike, Mama. Chukua kalamu unijibu.