Njugu ya Kumi ya Upande wa Mtungi

KITUO CHA POLISI, RUIRU
Maelezo ya shahidi, Jumatatu tarehe 17 Machi 1958, saa nne asubuhi

Jina: Philip Odhiambo
Umri: miaka arobaini na moja; kwa hesabu ya mama yangu, arobaini na tatu
Kazi: fundi seremala, shamba la kahawa
Makazi: nyumba namba 3, laini za wafanyakazi wa shamba hilo, kati ya Ruiru na Thika
Mwandishi: Koplo Kimeu

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimekuja kwa ajili ya Mama Nafuna, yaani Nelima, mchuma kahawa, ambaye yuko hapa ndani tangu Jumamosi jioni kwa kosa la kumwita karani mwizi na kukalia mali ya shamba. Mali yenyewe ni sanduku. Nililitengeneza mimi, na ninaweza kuthibitisha kwamba linakalika.

Mnamo tarehe 3 Machi Bwana wa shamba alitangaza kwamba wafanyakazi tuchague kamati ya kumpelekea shida zetu. Alikataza neno chama, kwa sababu siku hizi chama kinataka barua ya mkuu wa wilaya, D.C. Tukaambiwa tuseme "upande". Basi zikawa pande mbili. Upande wa Taa ulikuwa wa nyapara Kang'ethe, na upande wa Mtungi ulikuwa wa Mama Nafuna. Watu waliendelea kuziita vyama, ila kwa sauti ya chini.

Taa ingeshinda. Hilo lilijulikana kabla sijakata ubao wa kwanza. Nyapara ndiye anayegawa nyumba, na ndiye anayeamua nani atapalilia penye kivuli na nani atapalilia juani. Yeye hakuahidi kitu, wala hakuna aliyemuuliza. Mtungi ulitaka jambo moja tu, mfereji wa maji karibu na laini, ili wanawake waache kupanda kilima kutoka mtoni na madebe kichwani.

Lakini Bwana aliweka sharti. Upande utakaopata kura kumi utapewa kiti kimoja kwenye kamati hata ukishindwa. Ukipata tisa, hupati kitu. Kwa hiyo Mama Nafuna hakutafuta ushindi. Alitafuta watu kumi.

Jumatano tarehe 12, mnamo saa tisa, alikuja karakana kuulizia kigoda chake nilichokuwa nakitia mguu. Akasema, "Fundi, nina tisa."

Nikamwambia kitakuwa tayari Ijumaa.

"Sikuulizia kigoda."

"Hata mimi sisemi habari za kigoda," nikamwambia.

Hayo ndiyo yote tuliyoongea. Sababu yangu ya kukubali kuwa wa kumi ni hii. Mwezi wa Januari mke wangu aliteleza pale kilimani na debe kichwani, akaumia kiuno, na tangu siku hiyo anayeteka maji ni mimi. Watu wamecheka hadi wamechoka. Kilima kina hatua mia mbili na kumi na moja kupanda, na mia moja na tisini kuteremka, jambo ambalo sijapata mtu wa kunieleza.

Sasa nieleze juu ya njugu. Wengi shambani hawasomi, kwa hiyo Bwana alisema kila mtu atapewa punje moja aitumbukize katika sanduku la upande anaoutaka. Mimi hayo sikuambiwa. Niliambiwa tu nitengeneze masanduku mawili, kila moja na tundu la upana wa kidole. Kwanza walifikiria kahawa, lakini kahawa iko katika kila mfuko wa suruali shambani. Maharagwe nayo yako katika kila sufuria. Ndipo dereva Urbanus akatumwa dukani Ruiru kununua njugu, na siku hiyo duka halikuwa na njugu nyingine ila zilizokaangwa na kutiwa chumvi. Naomba neno chumvi liandikwe.

Ijumaa tarehe 14, saa kumi na moja jioni, nikiwa karakana, nilimsikia Kang'ethe nje akiwatangazia watu: "Kesho kira mtu atapewa njugu moja ya kura."

Hapa lazima niseme jambo la lugha, na afande anisamehe. Kang'ethe ni Mkikuyu. Ulimi wake hauna l. Ukimpa chakula atakwambia anaenda kukura. Karani wetu Kaleli ni Mkamba, kama afande mwenyewe. Ulimi wake hauna r, na kwake hata kura ni kula. Mimi nimetoka upande wa ziwa, ninazo zote mbili, na kwa miaka kumi na moja nimewasahihisha watu wa shamba lile bila kudai malipo.

(Afande ameniambia niendelee na mambo ya Jumamosi.)

Basi nilimsahihisha Kang'ethe kimoyomoyo, nikajua maana yake ni njugu ya kula. Nikaona Bwana ni mtu wa mkono mzito, njugu moja kwa mtu mzima.

Jumamosi tarehe 15, saa mbili na nusu asubuhi, tulipanga foleni kwenye stoo ya kahawa. Kang'ethe alisimama mlangoni akisalimia mmoja mmoja. Nilipofika akaniuliza, "Fundi, taa inawaka?" Nikamwambia kwangu mafuta yameisha tangu Alhamisi. Akacheka. Sikujua amecheka nini, na yeye nadhani hakujua nimejibu nini.

Saa tatu na robo nilifika mezani kwa Kaleli. Alitoa njugu moja mkebeni, akaniwekea kiganjani, akasema, "Fundi, hii ni kula yako. Pita ndani."

Nikaila. Ilikuwa nzuri.

Kaleli hakuona, maana alikuwa amekwisha kumgeukia mtu wa nyuma yangu. Nikapita ndani ya pazia la magunia nikitazamia kukuta karatasi na kalamu. Nilikuta masanduku yangu mawili, moja limechorwa taa, jingine mtungi, na matundu mawili ya upana wa kidole. Nilipokuwa nikiyatoboa kwa patasi nilijiuliza ni karatasi gani itakayokunjwa ikawa ndogo hivyo. Sasa nilisimama mbele ya matundu yangu mwenyewe nikaelewa. Nilikuwa nimemsahihisha Kang'ethe, ambaye safari hiyo hakukosea, na nilikuwa nimemwamini Kaleli, aliyekosea kama kawaida yake.

Nilitafuta kwa ulimi kama kuna kilichobaki. Kipande kidogo kilikuwa kwenye jino la nyuma. Sikuona kama kingehesabiwa.

Afande ameuliza kwa nini sikurudi kuomba nyingine. Kurudi maana yake ilikuwa kutangaza mbele ya watu themanini na tano kwamba msahihishaji wao amekula kura. Nilikaa nyuma ya pazia muda ambao mtu angekaa akichagua, kisha nikatoka. Nikajiambia kwamba huenda Mama Nafuna amempata wa kumi na moja.

Hakumpata. Saa saba mchana Urbanus alifungua masanduku mbele ya watu wote. Taa, sabini na sita. Mtungi, tisa. Njugu zilizogawiwa zilikuwa themanini na sita. Watu wakaanza kucheka, wakisema mtungi umevuja.

Mama Nafuna alizimwaga njugu zake kiganjani akazihesabu tena, polepole, moja moja. Kisha akasema, "Sisi tuko kumi."

Kang'ethe akamwambia, "Haya, wataje."

Kila mtu alijua kwamba atakayetajwa atakuwa amehama nyumba kabla ya mwisho wa mwezi. Mama Nafuna aliwatazama watu waliokuwa pale, mstari hadi mstari. Mimi nilikuwa mbele, karibu naye kama nilivyo karibu na meza hii. Aliwatazama wote isipokuwa mimi. Naomba hili liandikwe kama nilivyolisema.

Halafu akamgeukia Kaleli akamwambia, "Karani, umeiba kura yangu." Akakalia sanduku la Mtungi, akasema hatoki mpaka ya kumi ipatikane. Aliitwa, akabembelezwa, akatishwa. Saa kumi na moja jioni askari walifika wakamchukua. Angewataja watu wake wakaulizwa mmoja mmoja, yangejulikana yote na yeye angelala kwake. Hakuwataja.

Jana Jumapili sikula. Mke wangu aliniuliza nina nini, nikamwambia nimeshiba. Jioni nikamweleza yote. Alicheka huku akijishika kiuno kinachomuuma, halafu akanitolea shati la kanisani, akasema nilivae Jumatatu.

Kwa hiyo ninasema: Kaleli hakuiba. Mama Nafuna hakudanganya, walikuwa kumi. Ya kumi niliila mimi, na nilikuwa nimekusudia kuitia katika Mtungi. Afande amenikumbusha kwamba kura ni siri na sina lazima ya kusema nilikusudia wapi. Siri hiyo nimekaa nayo tumboni siku mbili na haikunikalia vizuri.

Afande amenionyesha pia kwamba nyapara Kang'ethe, aliyekuja kama shahidi wa karani, amekaa kwenye benchi chini ya dirisha hili, na afande akataka kulifunga. Nimemwomba aliache wazi.

(Mtu aliyeko nje amesema, "Kumbe ni wewe, Fundi." Nimejibu kwamba ni mimi.)

Nyumba namba 3 ni ya shamba. Mlango wake ni wa mbao zangu, na nikihamishwa nitahama nao.

Nimeambiwa huenda Bwana akasema kura iliyoliwa haihesabiki. Ndiyo sababu asubuhi hii nilipitia dukani nikanunua njugu moja. Mwenye duka alinitazama sana. Nimeiweka hapa mezani mbele ya afande, ipelekwe badala ya ile. Safari hii nimechukua mbichi.

Haya ndiyo maelezo yangu: niliyoyaona, niliyoyasikia, na ile moja niliyoila.

Sahihi: P. Odhiambo

Maelezo ya mwandishi: Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa Kiswahili, lugha anayoijua. Amesahihisha neno moja mara kumi na moja, akatia sahihi kwa mkono wake. Njugu moja, mbichi, imepokelewa kama kielelezo. Karani Kaleli ameombwa radhi na Nelima, amekubali, naye Nelima ameachiliwa saa sita mchana. Aliondoka pamoja na shahidi; nyapara aliwafuata nyuma. Sehemu hii ya mwisho shahidi hakusomewa, kwa kuwa alikuwa amekwisha kwenda. Nakala na kielelezo vimepelekwa leo hii kwa Bwana wa shamba, ili aihesabu kula ya kumi.

Koplo Kimeu, Ruiru