Kichwa Chako Nilikishika Mimi Kwanza

Mwanangu Tumsifu, huko Bahia uliko,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Nimeusikiliza ndani ya gari, nje pale kazini, nikaurudia mpaka nikachelewa kuingia. Nakujibu kwa kuandika kwa sababu simu tukipigiana tunagombana. Na nakuandikia hapa kwenye ukurasa wetu wa kina mama wa Minesota, mbele za watu, kwa kuwa watu wenyewe wameshajua na wameshasema. Darasa la saba langu linatosha kwa hili. Nikikosea herufi, nyamaza.

Unasema yule mama mwenye nyumba ya ibada ya Kandomble amekataa kukunyoa na kukuweka ndani, uingie dini yao, mpaka mimi niruhusu. Amekuuliza ni nani aliyekushika kichwa kwanza, ukanitaja, na sasa mnanisubiri. Yaani tiketi umekata wewe, shanga umevaa wewe, kuaga umeaga ukiwa tayari umefunga begi, halafu neno la mwisho mnanitwisha mimi! Wewe mtoto utaniua.

Mbona ilianza vizuri tu. Somo moja pale chuoni Saint Paul. Ulirudi nyumbani macho yanawaka, ukanieleza habari za watu wetu waliochukuliwa utumwani wakavushwa mpaka Brazili, wakafika na dini yao hiyo kifuani kwa sababu mikononi hawakuachiwa kitu. Nililia na wewe siku ile, usije ukasahau. Nikajua ni somo, litaisha na mtihani.

Likaanza kuingia jikoni. Unakumbuka ule mchana wa theluji hapa Coon Rapids? Umeloweka kunde, umezimenya ganda moja moja, umesaga, umekaanga kwa mawese mpaka king'ora cha moshi kikalia na jengo zima likatoka nje na ndara. Yule mzee wa chini alitoka na taulo. Na wewe umesimama na sahani kwenye theluji, unaniambia hicho ni chakula cha Iansã, mungu wao wa kike mwenye upepo na radi.

"Hii ni bajia ya kunde," nikakwambia.

"Mama, sio bajia."

"Tumsifu, nimekaanga bajia kabla hujazaliwa."

Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye baridi. Hata mimi nilicheka, ingawa nilikuwa nimekasirika. Zilikuwa tamu, ila chumvi hukutia.

Lakini kinachonichoma siyo bajia. Ni ile video uliyonitumia. Umevaa nyeupe kuanzia kitambaa cha kichwa hadi chini, umelala kifudifudi mbele ya huyo mama, unaomba baraka, unambusu mkono. Mimi hapa shikamoo nimeidai tangu ukiwa chekechea! Ulikuwa unanijibu "hai, mama" huku unapita na simu mkononi. Nilikusema mbele ya wageni, nilikununia, nilikunyima chai. Ikakushinda. Leo umesafiri mpaka nchi ya watu kwenda kufundishwa kuamkia wakubwa, tena kwa kulala chini. Na unanieleza kwa mshangao eti huko kichwa cha mtu hakiguswi ovyo. Nilipokuwa nakukataza usisukwe na kila mtu, na nikizoa nywele zako kwenye kitana nisiache hata moja, ulisemaje? Ulisema mama, hiyo ni imani ya kizamani, unanitia aibu kwa rafiki zangu. Mimi nilikuwa nakufundisha bure, jamani.

Jumapili Mama Joyce alinikamata mlangoni mwa kanisa.

"Dada, nasikia binti kaenda kusomea uganga."

"Hajaenda kusomea uganga. Amekwenda kujifunza dini ya watu."

"Ya kwetu imemwishia?"

Nikamwambia wa kwake yuko Hopkins, mwendo wa gari tu, na hajaonekana kanisani tangu Pasaka. Lakini nilipofika kwenye gari, swali lake nilikuwa nalo. Sijui nikujibie nini. Jina nilikupa mwenyewe, nikijua tutamsifu nani.

Wala siogopi kwamba ni wachawi. Uliponieleza nilisikiliza, hata kama nilikuwa nakunja nguo. Ninaogopa kwamba ukitoka humo ndani utakuwa na mama mwingine, maana umesema mama ndivyo wanavyomwita, na aliyeweka mkono kichwani ndiye mzazi. Kichwa hicho, Tumsifu! Kila Jumamosi kilikuwa katikati ya magoti yangu, unalia, unasinzia, unanihadithia mambo ya shule kwa Kiingereza nami nakujibu kwa Kiswahili, mpaka mistari inaisha.

Nilitaka kukujibu hapana. Nilishaliandika. Halafu nikaingia kazini. Unajua kazi yangu, kuogesha wazee na kuwachana nywele. Kuna bibi mmoja hasemi tena, na kila asubuhi kabla sijamgusa nywele ninamwinamia kwanza, namuuliza, nasubiri mpaka afumbe macho. Ndiyo ruhusa yake. Nikiwa nimesimama pale na kitana, nikamfikiria huyo mama wa Bahia. Angeweza kukunyoa tu. Wewe ni mtu mzima, na mimi niko mbali, ningejua baadaye kwenye picha. Lakini amekaa na wembe wake, anasubiri mwanamke asiyemjua afumbe macho.

Hasira hazijaisha, nakwambia ukweli. Nitakuombea kwa jina la Yesu asubuhi na jioni, na huyo mama mwambie hivyo, asije akasema sikumweleza.

Mwambie na hili. Nyuma ya sikio la kushoto pana kovu, pale ulipoanguka kwenye barafu kituo cha basi. Nywele zimelificha, hawezi kuliona, lakini wewe ukiguswa pale unaruka hata leo. Mimi huwa napazunguka kwa kidole kwanza. Wembe ukifika hapo aende polepole, na mkono mwingine akushike paji la uso. Nywele zote zikusanywe, isiachwe hata moja chini.

Na siku ukirudi, kabla hujavua viatu, nataka shikamoo yangu.

Wako wa magotini,
Mama