Kikohozi cha Baba Mlangoni

Mama yangu,

Shikamoo. Mbukwenyi nyote hapo nyumbani. Goti lako linaendeleaje, na uwele mwaka huu mmeuvuna nyie au wameuwahi ndege kama kawaida yao? Mimi ni mzima, ukiacha mguu, na huo nitaueleza. Barua hii haikupita posta. Anayeileta ni mzee Saidi wa Kondoa, tuliyelala naye selo moja huku gerezani, na sasa amemaliza kifungo chake. Mpe ugali na mlenda ale ashibe. Akianza kuuponda mlenda wetu mwache aseme, ndivyo alivyo.

Najua anayekusomea ni Daudi mdogo wangu, maana macho yako hayashiki tena herufi. Daudi, soma polepole. Ukifika mahali pasipokupendeza usiruke, nakujua vizuri. Mzee Saidi anajua kilichomo humu na nimemwambia asinyanyuke hapo mpaka umalize.

Shangazi alipokuja kuniona alinieleza habari iliyoninyima raha. Alisema mmesikia kwamba Yona anatoka gerezani mwezi ujao, huyu Yona mdogo wake marehemu Ndahani, na kwamba ameapa kuja kufanya kwetu kile nilichofanya mimi kwao. Alisema Daudi ananoa panga kila asubuhi na kulisimamisha nyuma ya mlango. Mama, ndiyo sababu nimekaa kuandika, mimi ambaye shuleni nilikuwa nikisikia imla natoroka nikacheze mpira.

Nianzie pale mnapopapenda. Fainali ile mliiangalia kwenye duka la pale njia panda, kijiji kizima mbele ya televisheni moja, na shangazi akamwaga chai ya watu nilipofunga. Mpira ulinijia ukidunda, nikaupiga kwa mguu wa kushoto kabla haujatua, kipa akabaki anautazama wavuni. Tangu siku ile jina langu likawa Nyundo. Nilipokuja nyumbani na medali, vijana walinishusha kwenye gari na kunibeba mabegani, na baba akatangulia na lile koti lake la kijivu la kanisani na mnadani, akiwasukuma watu kwa fimbo utadhani askari wa barabarani. Alichinja dume lake jekundu bila kumuuliza mtu. Hata huku wafungwa hunikalisha chini niwasimulie goli lile, nami nawasimulia, maana ndilo jambo langu moja ambalo kila mtu hupenda kulisikia.

Lakini mpira ulinichukua mapema mno. Wenzangu walipokuwa wanajifunza kuchimba kaburi na kubeba jeneza, mimi nilikuwa mjini nazunguka uwanja. Akifa mtu nyumbani nilituma rambirambi kwa simu na kuomba radhi, nina mechi. Nilijua ukoo wa kina Ndahani na sisi ni watani tangu mababu. Nilijua tunatukanana mnadani na kunyang'anyana kofia, na kwamba mtani hanuniwi. Ila kazi ya mtani siku anapozikwa mwenye nyumba nilikuwa sijawahi kuiona kwa macho yangu. Na wewe Daudi uliyekulia kwangu mjini, hukuijua pia.

Hapa ndipo usiruke.

Siku ya kumzika baba tulikuwa tumesimama kaburini, Ndahani akatoka nyumbani amevaa lile koti la baba, ameshika na fimbo yake, anakohoa kikohozi cha baba, kile kirefu kinachoishia kwa kutema mate pembeni. Watu wakacheka. Mama, na wewe ulicheka, machozi yanakutiririka. Akashuka kaburini, akajilaza chali, akasema jeneza haliingii humo mpaka apewe jogoo wake. Kisha akaniona mimi na miwani yangu ya jua. Akaniita kwa sauti ya baba kabisa.

"Elia mwanangu, umekuja? Nilidhani mpaka nife ndipo nikuone."

Walicheka zaidi, na mimi nikaona giza. Maana alilosema lilikuwa kweli. Baba aliugua kifua msimu mzima wa mvua, na mimi kila mkinipigia nasema niko kambini. Nilirukia shimoni nikamkaba ukosi nikamtoa juu. Alitoka huku anakohoa, mwili ameulegeza, hajakunja hata ngumi. Alidhani nacheza. Wote walidhani nacheza, kwa sababu pale kwetu hakuna aliyewahi kuona mtu akimkasirikia mtani kaburini. Nilimpiga ngumi ya mdomo na damu ikatoka, na bado watu wakacheka, mjomba akapiga makofi. Akaangukia lile rundo la udongo na mawe. Nikamtia teke la mbavu kwa mguu wa kushoto, na kina mama wawili wakapiga vigelegele. Teke la pili lilimpata kichwani. Hapo ndipo vicheko vilipokatika, lakini mguu haukukatika. Niliendelea kumpiga mtu aliyevaa nguo za baba yangu, mbele ya jeneza la baba yangu, mpaka wanaume wanne wakaning'ang'ania na bado nawaburuta.

Halafu ikawa zamu yangu. Mipini ya majembe ilivunjikia mgongoni mwangu, meno yangu ya mbele yalibaki palepale udongoni, na kama polisi wangechelewa tungezikwa wawili. Ndahani alifia hospitalini mjini kabla udongo wa kaburi la baba haujakauka. Baba naye alizikwa mbiombio, polisi wamesimama, bila mtani. Mahakama ilisema niliua bila kukusudia. Medali yangu sijui iko wapi na sitaki kujua.

Sasa nije kwenye mguu. Yona aliletwa huku baadaye, kwa kesi ya ng'ombe wa watu. Nilimtambua kwa paji la uso, ni la kaka yake lilelile. Sikumwambia askari wala mfungwa mwenzangu, na yeye hakumwambia mtu. Tulipishana kwenye foleni ya ugali, akaniangalia miguuni, akapita. Aliendelea hivyo miezi mingi, ananiangalia miguuni tu. Kisha Jumapili moja akaomba acheze beki katika timu ya upande wa pili.

Uwanja wetu uko kando ya shamba la alizeti, umejaa kokoto. Nilipokea mpira, nikamsikia anakuja mbio, nikageuka. Hakuutazama mpira hata mara moja. Aliruka na miguu yote miwili akaupiga muundi wangu wa kushoto. Mfupa ulitoka nje mweupe, nikauona kabla sijausikia. Alisimama juu yangu anahema, na mimi nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Nikalazwa zahanati, mguu umefungwa plasta. Mchana mmoja mganga alipotoka kwenda kula, wakaingia watu wa selo yangu na nyapara tunayemwita Kifaru, mtu wa Pwani, wanamburuta Yona. Walikuwa wamemvizia bafuni. Jicho moja limefumba, mdomo umepasuka, damu imelowesha kifua. Kifaru alikuwa na kipande cha jembe alichokinoa mpaka kinang'aa, akakiweka shingoni mwa Yona na kuniambia niseme neno moja tu.

Mama, sikufichi. Lile neno nilikuwa nalo mdomoni. Nilikuwa nautazama mguu wangu na kulitaka.

Yona aliniangalia kwa lile jicho lililobaki. Akainama kidogo, akashika kiuno, akakohoa. Kikohozi cha baba, chote, kirefu kama kilivyokuwa, na mwisho akatema damu pembeni. Halafu akasema, "Elia mwanangu, umekuja?"

Kifaru hakuelewa, alidhani jamaa amechanganyikiwa. Mimi kitu kilinipanda kutoka tumboni, nikafikiri natapika, kumbe ni kicheko. Nilicheka mpaka plasta ikagonga chuma cha kitanda. Nililia pia, vyote kwa pamoja. Nikamjibu lile nililopaswa kumjibu kaka yake siku ile.

"Nimekuja, baba. Sasa toka humo kaburini umpishe mwenyewe, mwizi wa ng'ombe wewe."

Yona akacheka, jino likamdondoka, akakaa kitandani kwangu tukalia kama watoto waliochapwa. Kifaru akachomeka chuma chake kiunoni na kuondoka akituita Wagogo wendawazimu. Tangu siku hiyo Yona hula maharage yangu bila kuniomba na kuuita mguu wangu mchi uliovunjika. Wenzetu wanashangaa sana jinsi nilivyo mpole kwake.

Aliniambia kwamba uwanjani alikuja kuniua kweli. Alipousikia mfupa ukilia, hamu ilimwisha palepale, akabaki anajiuliza nani sasa atamaliza kazi. Nikamuuliza kazi gani. Akasema, "Kaka yangu alikufa yuko kazini, akaiacha katikati. Baba yenu hajaagwa na mtani wake." Kwa hiyo ni kweli atakuja nyumbani, hamkusikia vibaya. Anakuja kuvaa koti, kwenda kaburini, na kuchukua jogoo wake. Mengine yote ni maneno ya kilabuni.

Ila kuna jambo linalonitisha, na ndilo lililonifanya niandike. Nilimsihi atume mtu mbele, au angalau apige hodi. Alinitukana. Alisema lini mtani akapiga hodi, atakuja kama wanavyokuja watani, atakohoa mlangoni na kuingia. Na nyuma ya mlango huo yupo Daudi na panga lake, kijana ambaye hajui haya mambo kama ambavyo mimi sikuyajua. Daudi, utaisikia sauti ya baba inatoka kinywani mwa mtu huyo, nawe utaona giza. Najua utaliona kwa sababu nililiona. Litakuchukua dakika moja, na baada ya hapo utakuja kulala huku karibu yangu, na mama atabaki na ukuta.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma, mdogo wangu, usijitetee. Nenda kalichukue hilo panga umpe mzee Saidi mkononi aondoke nalo Kondoa. Nimemwomba asitoke kwetu bila hilo panga, na mzee huyu ni king'ang'anizi, atakula mlenda wenu mpaka uishe.

Mama, lile koti najua ulilificha kwenye kilindo chini ya mtama. Litoe ulianike. Usilifue, Yona analitaka hivyohivyo. Na umfungie jogoo mmoja, yule mwenye kelele.

Nisalimie shangazi, mwambie sabuni nilipata. Nisalimie mjomba aliyepiga makofi, mwambie simlaumu hata kidogo, asiache kuja hapo nyumbani kwa aibu. Mke wa Daudi namsalimu, nasikia amejifungua salama, Mungu amkuze mtoto. Mama yake Ndahani sina salamu za kumpelekea, mdomo wangu haustahili. Nenda wewe ukakae naye tu, hata msiposema.

Na siku utakaposikia kikohozi cha baba mlangoni, mama yangu, Daudi asinyanyuke. Inuka wewe na goti lako hilohilo, ufungue, na ucheke. Cheka kwa sauti kubwa, Daudi akusikie unacheka.

Ni mimi mwanao,
Elia