Kondoo wa Usaili

Judith, nimeaibika! Si nilikuambia usaili wa Afisa Mifugo ni kuandika, halafu mahojiano? Kumbe katikati kuna wa vitendo! Nimekuja na suti na mchuchumio, napelekwa zizini.

"Mpime kondoo joto." Nikaweka kipimajoto kule nyuma. Kondoo akachomoka nacho, Judith. NACHO! Akaingia kwenye mahindi.

Nikavua viatu, nikamkimbiza peku. Mimi, mtoto wa Nambis kwenye wakimbiaji, nishindwe na kondoo? Nikamkamata, kipimajoto kikiwa palepale.

Mwenyekiti wa jopo, mzee mkali kweli, akauliza, "Joto limepanda. Ni ugonjwa?"

Nikababaika, nikajibu, "Shikamoo."

"Marahaba. Ni ugonjwa?"

"Hapana mzee, ni mbio."

Wakacheka mpaka wakainama. Nimepita! Mahojiano ni kesho, na suti imechanika nyuma. Niazime gauni!