Shamba la Mkwe Nililoliita Pori

Tukuyu, Ijumaa, mwisho wa Machi.

Mvua tangu alfajiri, ile ya kwetu isiyo na haraka wala haya. Ukungu umeufuta mlima wote. Moyo wangu nao ni hivyo hivyo, na leo sina wa kumsingizia.

Nimemnyang'anya baba mkwe wangu shamba. Kwa penseli.

Niandike vizuri, nisijifiche. Mimi ni bibi shamba, mwanamke pekee ofisini aliyekabidhiwa kamba ya kupimia. Tangu Azimio lisomwe redioni, wakubwa wanataka kujua kila kijiji kina ardhi kiasi gani inayolimwa na kiasi gani imekaa bure, maana iliyokaa bure inaingia kwenye shamba la ujamaa. Mwezi uliopita nikapelekwa Kawetele, nyumbani kwa mume wangu. Nilifuatana na mjumbe wa nyumba kumi, yeye akivuta kamba huku, mimi kule. Kazi ilikwenda vizuri mpaka tulipofika kwa baba mkwe.

Alikuwa amesimama shambani kwake, jembe begani. Na kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hata jina lake halitamki, naye mkwe humkwepa mkamwana. Nikafanya nilivyofundwa: kitenge kichwani, nikaingia migombani, nikageuza uso. Kutoka kule nikachungulia upande wa shamba tu, nikaona nyasi zimefika kiunoni. Nikaandika: Haitumiki. Nafasi ya jina nikamwachia mjumbe aijaze.

Ningeweza kumtuma akaulize. Hatua ishirini tu! Kuuliza si ujinga, tumeimbishwa hivyo tangu darasa la kwanza. Lakini nitaje na lililo baya zaidi: nilifurahi kidogo. Nilitaka ofisini waseme, huyu binti hapendelei hata wakwe zake.

Tena najua nyasi zile ni za nini. Baba yangu mzazi hufanya vivyo hivyo. Shamba likichoka unaliachia nyasi, kisha unazifukia chini ya matuta zioze, na ulezi wa mwaka unaofuata unakulipa fadhila. Mtoto yeyote wa Rungwe anajua. Mimi nilijua, halafu nikapewa fomu yenye safu mbili, inalimwa na haitumiki, nikajifanya sijui. Fomu haina mahali pa shamba linalopumzika.

Jana orodha ikasomwa kwenye mkutano wa kijiji. Mimi nilikaa meza ya mbele pamoja na mwenyekiti, nimejipamba na makaratasi yangu. Baba mkwe alikuwa amesimama nyuma kabisa. Shamba lake lilipotajwa, nilimwona kwa pembe ya jicho anapiga hatua moja, halafu anasita. Mwenye pingamizi alitakiwa aje mbele, na mbele nilikuwepo mimi. Akageuka, akanipa mgongo, akaondoka zake polepole. Mwenyekiti akasema, "Mwenyewe ameridhia," watu wakapiga makofi. Jumatatu wanaingia na majembe.

Mimi nilijua hajaridhia. Nikanyamaza.

Leo asubuhi mama mkwe amekuja hapa mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu mjini, ninapopanga, kwa miguu, amelowa chapachapa, mkungu wa ndizi kichwani. Haki ya Mungu, heri angenitukana. Amekaa barazani, amekausha miguu, ameniuliza habari za kazi. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, baba yako hajala tangu jana. Lile ndilo linalotulisha. Kwingine kote ni kahawa, na kahawa hatuli."

Nikashindwa hata kumkaribisha chai. Nikachukua mwavuli, nikaenda moja kwa moja kwa mkubwa wangu.

Nilimkuta na ile orodha mezani, anaiandikia ripoti, uso umemng'aa. Ardhi inayolimwa wilayani imeongezeka, aliniambia, mwakani itaongezeka tena. Nikaitazama karatasi. Labda siku moja redio itasema mashamba ya nchi yamekua, na watu watashangilia, na kumbe humo ndani limo shamba la mzee mmoja wa Kawetele, lililolimwa miaka yote, likafanywa pori kwa wiki nne ili liweze kulimwa tena na wengine. Nchi haijaongezeka hata upana wa jembe.

Nikamweleza yote.

"Kosa ni la nani, binti?" aliuliza.

"Langu, mzee. Sikuuliza."

Akasema nitapata barua ya onyo. Akasema pia nirudi kesho nipime upya, mwenye shamba mwenyewe ashike ncha ya kamba, atie na dole gumba. Karatasi ikifika kabla ya Jumatatu, shamba litatoka kwenye orodha. Kamba isiposhikwa na mwenyewe, asahau.

Mwenyewe! Nimerudi nalia njia nzima, watu wakidhani ni mvua. Mzee wa watu ataivunjaje mila ya maisha yake yote kwa uzembe wangu?

Mama mkwe alikuwa bado barazani. Nilipomaliza kumweleza, alinitazama sana, akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu aje.

"Baba yako alinituma neno," akasema. "Ila aliniambia nisikupe mpaka uende ofisini kwa miguu yako bila kusukumwa. Anasema uje na kamba. Yeye atashika ncha moja amekupa mgongo, na wewe ushike nyingine umempa mgongo. Mimi nitakaa katikati nipokee maneno."

Alikuwa amekwisha kufikiria yote. Mtu niliyemwandika kutoka migombani bila kumuuliza, yeye amekaa na njaa yake usiku kucha akitafuta njia ya kunisaidia mimi nifanye kazi yangu. Ndaga, baba. Ahsante. Nimekuandikia hapa kwa sababu mbele yako siwezi.

Kesho alfajiri napanda Kawetele, mvua iwepo isiwepo. Nitasimama kwenye ncha yangu, uso nimeuelekeza mlimani. Na kabla kamba haijanyooka nitamwambia mama mkwe amuulize: Hapa panapumzika tangu lini, na mtapanda nini?

Nitangoja jibu, kisha ndipo nitoe penseli.