Kigari Kisicho na Kiti cha Nyuma

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sote kabla ya lolote. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia, na baridi ya huko imekuhurumia kidogo. Wifi anaendeleaje na goti lake? Na watoto, bado wanakuaga asubuhi au wamefika umri wa kupita tu na masikio yamezibwa? Sisi huku hatujambo. Mama hajambo pia, presha imeshuka na anakula vizuri. Mimi ni mzima isipokuwa shingo, na sababu ya shingo utaisoma hivi punde.

Najua Shangazi ameshakupigia simu. Najua pia amekwambia kwamba nimerukwa na akili. Basi sikia na upande wangu, maana yule dada wa Baba unamjua, hadithi haitoki kwake bila kutiwa chumvi.

Ni kweli nimenunua gari. Ni kweli lina viti viwili tu, na juu linafunuka. Kaka, nina miaka hamsini na mmoja, na ishirini na minane kati ya hiyo nimeshona viti vya magari ya watu. Nimekaa ndani ya magari mengi kuliko dereva yeyote mtaani kwetu, na yote yalikuwa yamesimama.

Siku hiyo nilikwenda yadi ya magari kupima viti vya basi la mteja. Kwenye kona, nyuma ya malori mawili, nikaviona vigari vitatu vya aina moja, vidogo, vimeinama mbele. Nilikuwa nimeshika futi mkononi na nikasahau nimeishikia nini. Sijui nikueleze vipi. Magari yote niliyowahi kuyagusa yametengenezwa ili yabebe kitu: watu, mchanga, magodoro, maiti. Hivi vimetengenezwa ili viende tu. Nilivizunguka kama mara tano hivi, na muuzaji akadhani nataka kuiba taa.

Kuchagua ilikuwa kazi ya mikono. Muuzaji alinisukumia chekundu kwa sababu kinang'aa. Nikaingiza vidole chini ya zulia, nikanusa: kitambaa kilicholala na maji muda mrefu. Turubai la paa lilikuwa limebandikwa kwa gundi pembeni, kazi ya mtu asiyetaka kuulizwa maswali. Cha pili, cha rangi ya fedha, viti vyake vilikuwa vimeshonwa upya kwa haraka, mishono mirefu kama ya gunia. Cha tatu kilikuwa cha kijani kilichofifia, na paa lake limechanika nyuma urefu wa kiganja. Hakuna aliyekuwa anakitaka. Lakini sakafu ilikuwa kavu kabisa, na viti vilikuwa na mshono wa kwanza wa kiwandani, mdogo, ulionyooka, haujaguswa na mtu. Nilipitisha kidole juu ya ule mshono, nikarudia tena. Fundi aliyeushona hatutaonana maishani, lakini nilimheshimu pale pale.

Nikamwita Taratibu, makanika wa karakana iliyo jirani na yangu. Tunamwita hivyo kwa sababu hata kupiga chafya huwa hana haraka. Akaisikiliza injini mpaka muuzaji akaenda kunywa chai na kurudi. Mwishowe akasema, "Hii haina ugomvi na mtu." Nikakata shauri.

Paa nimelishona mwenyewe, kwa siku sita, uzi mara mbili. Halafu nikalikunja na kutoka na kigari barabarani asubuhi, na hapo ndipo shingo ilipoharibika. Kaka, nimeishi mji huu tangu nizaliwe na sikujua kwamba majengo yana vichwa. Kuna mtu anafuga njiwa juu ya benki. Kuna saa kubwa juu ya posta ya zamani, imesimama, na hakuna anayejua kwa sababu hakuna anayetazama juu. Unakaa chini kiasi kwamba magurudumu ya lori yanakuwa sawa na uso wako, na wakati huo huo mbingu yote imeingia ndani pamoja nawe. Harufu ya mikate, sabuni, mbao zinazokatwa, vyote vinakuja na kuondoka. Kwenye taa nyekundu nilisikia mume na mke wakisameheana ndani ya duka la viatu. Niliendesha polepole, kama mtu aliye kwenye ibada.

Nikarudi nyumbani nikakuta baraza la ukoo. Unajua mambo yetu, mwenye gari ni dereva wa wote. Shangazi aliuliza gari hilo litambeba nani. Alikumbusha kwamba mwaka jana, Mama alipozidiwa, tulingoja teksi karibu saa nzima, na yeye ndiye aliyemshika kichwa muda wote ule. Ni kweli, na sijasahau uso wake siku hiyo. Tena Shangazi alikuwa ameshaongea na muuzaji. Muuzaji alikubali nirudishe kigari, nichukue gari la viti saba, mradi nifanye hivyo kufikia Jumatatu, ambayo ndiyo kesho. Nikakubali. Nisikudanganye, nililia karakanani, nimeinamia cherehani ili Taratibu asione.

Jumatano Mama alikuwa na kliniki ya presha. Nikasema angalau nimpeleke yeye mara moja kabla sijakirudisha.

Akatoka amevaa vizuri, mkoba mkononi. Akakizunguka kigari mpaka upande wa pili, akaupita mlango, akasimama karibu na gurudumu la nyuma. Mkono wake ukawa unapapasa bati, unatafuta kitasa. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Mlango wa nyuma uko wapi?"

"Hakuna nyuma, Mama."

"Sasa mimi nikae wapi?"

Kaka, mimi nilidhani ninayajua magari. Nilisimama pale na ufunguo mkononi, nikaanza kuhesabu moyoni. Kwenye pikapu ya Baba, Baba alikaa mbele, na wewe pembeni yake kwa kuwa ndiye kifungua mimba. Mama alikaa nyuma na sisi wadogo, ameegemea kebini, amepakata mtoto au sufuria. Baba alipofariki zikaja teksi, na mbele akakaa mgeni, au binamu, au hata mjukuu wa miaka tisa kwa sababu tu ni wa kiume. Hakuna aliyemkataza Mama. Hakuna aliyemkaribisha pia, na mimi ni mmoja wao. Mwanamke wa miaka sabini na mbili, na binti yake mshona viti, na hajawahi kukalia kiti cha mbele.

Nikamfungulia mlango. Alikaa amekunja miguu upande mmoja, kama anayemwachia mtu mwingine nafasi. Nikamfunga mkanda. Nikauchukua mkoba mapajani mwake nikautia kwenye buti, na mikono yake ikabaki haina kazi, akaitazama yote miwili kama vitu vya kuazima.

Tulipoingia barabara kuu alijivuta mbele kidogo kitini. Nilidhani anaogopa, nikapunguza mwendo. Akanigusa mkono kunizuia, macho hayatoki mbele. Tulikuwa tumepita hospitali ya wanyama ndipo akasema, polepole, "Kumbe barabara huwa inakuja. Mimi miaka yote naiona ikiondoka."

Niliipita kliniki kwa makusudi, nikazunguka mji wote, na yeye akawa ananionyesha vitu kabla sijavifikia: daraja, mti, mtu mwenye baiskeli. Kila kitu alikiona kikija. Sijawahi kuwa karibu na furaha ya mtu kiasi kile, na niliiogopa kidogo, nikaogopa nisije nikaigongesha kwenye shimo. Kliniki tulifika tumechelewa, muuguzi akatugombeza, na presha ikakutwa nzuri kuliko miezi yote.

Jana wakaja tena wote ili kukiaga kigari. Shangazi alianza kueleza mpango wa Jumatatu, nani ataandamana nami yadi. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha kawaida cha karibu na mlango, anapopenda kukaa ili aweze kuinuka kuleta vikombe. Safari hii hakuinuka kwa ajili ya vikombe. Akasema, "Gari halirudi."

Shangazi akamuuliza kwa upole kweli, "Wifi, na siku ukizidiwa?"

"Siku nikizidiwa mtaita teksi, na wewe utanishika kichwa kama ulivyonishika. Mimi nazungumzia siku nilizo mzima."

Shangazi alimtazama muda mrefu, na nadhani alikuwa anahesabu kama nilivyohesabu mimi, kwa sababu naye hajawahi kukaa mbele. Kisha akasema basi, tumwachie mwanaume mkubwa wa nyumba aamue, aandikiwe aulizwe. Ndipo Mama akanigeukia mimi. "Mwandikie kaka yako," akasema. "Lakini usimuulize. Mwambie."

Basi Kaka, nakwambia.

Jambo moja la mwisho. Mama amesema ukija Desemba atafika mwenyewe uwanja wa ndege kukupokea. Nikamkumbusha kwamba tukienda wawili, wewe hutakuwa na pa kukaa. Nilidhani atasema basi yeye abaki nyumbani, kama ambavyo angesema miaka yote kwa ajili yako. Alifikiri, tena alifikiri sana, kwa maana anakupenda kuliko sisi sote na hatuoni haya kulisema. Halafu akasema, "Atapanda teksi na mizigo yake. Sisi tutatangulia mbele, yeye atufuate."

Msalimie sana wifi, na wanangu wote wawili, na yule rafiki yako wa kazini aliyenitumia nyuzi. Shangazi anakusalimu, na ameniomba nisikuandikie kwamba kesho saa nne ni zamu yake kukaa mbele. Mungu awatunze, azibariki kazi za mikono yenu, na atufikishe sote Desemba tukiwa wazima.

Ni mimi nikupendaye daima,
Dada yako, mshona viti.