Simu Yangu Ilimwita Ndege, Lawama Zikamwangukia Baba Mkwe

Dada mshauri, naomba unisaidie. Mimi naongoza wageni wanaotazama ndege, tunapita kwenye mikoko kwa kayaki, na wote wanataka kumwona ndege wa aina moja tu, mwenye kifua cha kung'aa, ambaye sisi waongozaji tumembandika jina la Bwana Harusi, lakini anajificha kutwa nzima, basi nikapata ujanja, nikarekodi mlio wake, simu nikaificha miguuni kwenye mfuko usioingiza maji, nikifika kwenye kona zao nabonyeza, dume anadhani mwenzake amemvamia, anatoka mbio, wageni wanapiga picha, na mimi nasifiwa kwamba nina jicho la ajabu. Nimefanya hivyo msimu mzima, asubuhi na jioni, na mke wangu, ambaye hakosi kusoma ukurasa wako, ndiye anayehesabu viota vya ndege hao, lakini sijamwambia.

Juzi nilibonyeza kama kawaida, Bwana Harusi mmoja akaja akatua juu ya mfuko wenyewe, akaudonoa, akaudonoa, amekonda hadi anatia huruma, wageni wanacheka. Nikaelekeza darubini kwenye kiota chake. Makinda watatu, wote wamekufa.

Kurudi nyumbani namkuta mke wangu analia. "Viota vinne vimeharibika, vyote kwenye mkondo ule unaopitisha wageni. Wanasema ni baba na mitego yake ya kaa." Baba yake, dada! Baba mkwe wangu, aliyenifundisha kushika kasia, na hana kazi nyingine! Alhamisi kuna kikao cha kumpiga marufuku asitege tena pale, na mimi nimeitwa shahidi kwa kuwa napita kila siku. Nikisema tu sikuona kitu, si nitakuwa sijamdhuru mtu?

Mwenye Kasia

Mwenye Kasia,

Barua yako nimeianza nimesimama, nimeimaliza nimeketi. Eti hukuona kitu! Wewe mwenye jicho la ajabu?

Pole ninayo, kwa sababu hukukusudia kuua, na ulipoona makinda wamekufa ulishtuka kama binadamu. Lakini umemtoa baba kwenye kiota chake mara mbili kwa siku akapigane na simu, watoto wake wakabaki peke yao, na sasa unataka mzee wa watu naye afukuzwe wewe ukiwa umefunga mdomo. Huyo ni baba wa pili, ndugu yangu. Huoni haya?

Futa mlio huo sasa hivi. Mwambie mkeo ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu, na akifoka mwache afoke, usijitetee. Kisha nendeni wote wawili kwa mzee kabla ya kikao. Alhamisi simama wa kwanza, useme ulichofanya, na uombe mkondo ule ufungwe kwa kayaki mpaka ndege watage tena na makinda waruke. Yako iwe ya kwanza kutolewa majini. Wageni watanung'unika, watazoea.

Jambo la mwisho. Gazeti hili linatoka Jumatano, na jina la Bwana Harusi nimeliacha kama ulivyoliandika. Ukifika mstari huu, huenda mkeo yuko mistari michache tu nyuma yako. Weka gazeti chini, uende.